Mkopo unaokatwa kwa till: venye malipo yanaenda na hesabu za kufanya kabla hujakubali

Ukiwa na till (namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu) inayotembea vizuri, haitapita muda kabla simu haijalia na meseji ya kukuambia umefuzu kupata elfu hamsini, laki moja, laki mbili, bila dhamana, bila foleni, utalipa kidogo kidogo kutoka kwa mauzo yako. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanauza hiyo pesa, na ndiyo watu hawafungui kuona ndani kuna nini. Wanasema "kutoka kwa mauzo", hawasemi "kutoka kwa faida". Ukisoma hapo tu halafu urudi kaunta kuuza, ushapata kile nilitaka kukuambia, lakini kama uko na dakika kumi tuende nayo polepole juu hesabu zenyewe si ngumu, ni vile hakuna mtu anakaa chini kuzifanya.

Niko Nakuru, na watu ninaosaidia na vitabu vya biashara ni wa nafaka huku kando ya Wakulima, wa mitumba, wenye hoteli ndogo, agrovet za huko Njoro na Molo. Lakini mtu wa Kondele ama wa soko la Luanda akisoma atajiona humu, hii kitu inafanya kazi vile vile kila mahali.

Kwanza, ni nini

Mkopo wa kawaida uko na tarehe, instolmenti na riba ya mwaka. Huu mwingine, ambao huko Marekani ulikoanzia wanauita merchant cash advance, unaenda hivi: mwenye pesa anakupa leo, na wewe unamuuzia kipande cha mauzo yako ya siku zijazo mpaka afikishe jumla mliyoandikiana. Huko makato yanapitia kwa mashine ya kadi, yaani kampuni inayoshughulikia malipo inamtolea mkopeshaji fungu lake kabla pesa haijafika kwa mwenye duka. Na kwa sababu kwenye karatasi imeandikwa kama ununuzi wa mauzo wala si mkopo, sheria nyingi za riba za huko hazikuwashika hao watu, na wafanyabiashara wakaumia sana mpaka California ikapitisha sheria mwaka 2018 ya kuwalazimisha waonyeshe gharama yote wazi kabla mtu hajatia sahihi. Mwaka uliofuata New York nayo ikawazuia kutumia korti zake kudai watu wa majimbo mengine kwa zile karatasi ambazo mkopaji anakubali kesi mapema kabla hata hajakosa kulipa.

Kwetu kadi ni ya supamaketi na mahoteli makubwa. Kazi hiyo inafanywa na till ya Lipa na M-Pesa, Pochi la Biashara ama akaunti ya benki inayopokea mauzo. Wengine wataita mkopo, wengine advansi, wengine overdrafti ya biashara. Jina wacha, uliza inakatwaje.

Hatua ya 1: jua uko kwa aina gani ya makato

Ziko tatu na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni asilimia. Kila shilingi ikiingia till, wanakata sehemu, tuseme 10%. Ukiuza sana wanakata sana, ukiuza kidogo wanakata kidogo, siku umefunga hakuna kitu. Hii ndiyo ile ya asili.

Ya pili ni kiwango kimoja kila siku, tuseme 2,000, uuze usiuze. Watu wengi wanaambiwa ni asilimia kumbe ni hii, kwa sababu mwenye kukopesha alichukua wastani wa mauzo yako ya miezi mitatu iliyopita akakata 10% yake, akaifanya namba isiyobadilika. Siku umeuza 20,000 ni sawa, ni hiyo 10%. Siku mvua imeshinda ikinyesha umeuza 9,000, ile 2,000 ni zaidi ya 22% ya mauzo yako na hakuna wa kumlilia.

Ya tatu ndiyo kali. Unapewa muda, ukifika bila deni kuisha, kila kinachoingia kinamezwa chote mpaka salio lifike sufuri. Ukiwahi kutumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio, kwa laini yako unajua hii hisia, pesa inaingia na haikai.

Swali la kwanza la kumuuliza mhudumu ni hili: "Nikikosa kuuza kesho, mtakata ngapi?" Akijibu "hakuna", si ile ya pili, lakini uliza pia muda ukiisha na deni bado liko itakuwaje, ndio ujue si ya tatu. Akianza kuzunguka, hiyo ni ya pili ama ya tatu.

Hatua ya 2: geuza kila kitu kiwe shilingi

Hapa ndipo mazungumzo huwa matamu sana. Kijana wa kampuni anakuja na fulana yake na tableti, anamkuta mama wa nafaka, anamwambia, "Mum, hii inakatwa kidogo kidogo tu, hata hautasikia." Mama aliye macho anauliza, "Kidogo ni ngapi, kijana wangu?" na hapo kijana anaanza kuongea juu ya limiti.

Gharama ya hii pesa mara nyingi haiandikwi kama riba, inaandikwa kama namba ya kuzidisha. Wakikuambia fakta ni 1.2, chukua pesa unayopewa uzidishe na 1.2. Kwa 100,000 utarudisha 120,000, basi. Ulipe kwa mwezi mmoja, ulipe kwa nusu mwaka, ni 120,000. Na uangalie kama kuna ada ya kuanzisha wanayotoa kabla hawajakutumia. Ikiwa ni 3%, kwa simu utaona 97,000 lakini deni bado ni 120,000, kwa hivyo gharama yako si 20,000, ni 23,000. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwa daftari.

Sasa chukua duka linalopitisha 20,000 kwa siku kwenye till, makato ni 10%, yaani 2,000. Deni la 120,000 litaisha kwa siku 60 za kazi, kama miezi miwili na wiki moja hivi ukifunga Jumapili. Mauzo yakishuka hadi 12,000, unakatwa 1,200 na utalipa siku 100. Mauzo yakipanda hadi 30,000 umemaliza kwa siku 40.

Na kuna kitu hapa kinachanganya hata watu wa shule. Ukimaliza mapema hujaokoa chochote, ulilipa ile ile 20,000 kwa kukaa na pesa muda mfupi. Kumbuka pia hukukaa na 100,000 siku zote 60, juu ilianza kurudi siku ya kwanza, kwa wastani ulikuwa na nusu yake tu mkononi, kama 50,000. Kulipa 20,000 kwa kutumia 50,000 siku 70 za kalenda ni 40% kwa hizo siku 70, na ukiipeleka mwaka mzima ni kama 200% na kitu. Sacco nyingi zinatoza karibu 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani kama 12% kwa mwaka. Sisemi ukimbie, saa zingine sacco itakuzungusha wiki tatu na lori la mahindi liko hapo leo, lakini ujue unalipia haraka, na ujue bei ya hiyo haraka.

Hatua ya 3: weka makato kando ya faida yako

Hii ndiyo hatua kubwa, zingine zote unaweza kuzirusha.

Mtu wa unga, sukari, mafuta na mchele akiuza vitu vya 20,000, faida yake kabla ya kodi ya nyumba na mshahara ni kitu kama 8%, yaani 1,600. Makato ni 2,000. Hebu angalia hizo namba mbili tena. Kila jioni zile 400 zinazokosekana zinatoka wapi? Zinatoka kwa stoki. Hauoni siku ya kwanza, hauoni wiki ya kwanza, shelfu bado zimejaa ile mali mpya. Wiki ya nne unaenda holesela badala ya magunia manne unabeba matatu na hujui mbona, unaanza kumshuku mtoto wa kaunta. Kwa siku 60 hizo 400 ni 24,000 ya mali imetoka dukani, na hapo bado hujalipa landlord, hujalipa stima, hujala.

Na kuna mwenzake anayekata kwa mauzo vile vile, KRA. Ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo, ya wanaouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ilipanda kutoka 1% hadi 3% Julai 2023, na nayo haiulizi kama ulipata faida. Duka la 20,000 kwa siku liko ndani ya hicho kipimo, kwa hivyo 600 kila siku si yako. Toa hiyo kwa 1,600, unabaki na 1,000, na mkopeshaji anataka 2,000.

Sasa angalia mwenye hoteli ndogo ya chai, chapati na madondo pale karibu na stage. Anauza 12,000 kwa siku, faida yake kwa chakula inaweza kufika 40%, hiyo ni 4,800. Akitoa wafanyakazi watatu wa 500 kila mmoja na makaa, 10% ya makato ambayo ni 1,200 itamuuma lakini haitamla. Saluni pia, kinyozi pia, mtu wa kushona nguo pia. Yaani hizi pesa zinafaa mtu anayeuza kazi ya mikono kuliko mtu anayeuza kitu kilichofungwa kwa paketi na bei yake inajulikana na kila mtu.

Kipimo changu mimi, na ni changu tu, makato yasipite theluthi moja ya faida ghafi, ile ya kabla ya kodi ya nyumba na mshahara. Faida ikiwa 40%, unaweza kubeba makato ya 13% hivi. Faida ikiwa 8%, usipite 2.7%. Utaniambia hakuna mkopeshaji atakubali kukukata 2.5%, na ni kweli hatakubali kwa laki, itamchukua siku 240 kurudisha pesa yake. Kwa hivyo jibu si kubishana juu ya asilimia, jibu ni kuomba pesa kidogo. 30,000 kwa 1.2 ni 36,000, ukikatwa 500 kwa siku ambayo ni 2.5% ya mauzo yako, inaisha kwa siku 72 na duka halijatikisika. Limiti wanayokupa haijapimwa kwa faida yako, hawaijui faida yako, wanaona till tu.

Hatua ya 4: hiyo pesa itazunguka mara ngapi?

Kuna watu wanasema, "Lakini nitanunua mali, mali italeta faida ilipe." Sawa, tuipime. Unga na sukari za 100,000 utaziuza kama 108,700, faida 8,700 kwa mzunguko mmoja. Mali ikiisha kila wiki mbili, kwa zile wiki kumi za kulipa unapata mizunguko mitano, mara 8,700 ni 43,500, inaonekana tamu. Shida ni ile tuliyosema juu, pesa inaondoka kila siku, wastani uko na nusu yake. Kwa hivyo ni kama mizunguko miwili na nusu ya pesa yote, faida 21,750. Toa gharama ya 20,000. Umebeba magunia wiki kumi kupata 1,750, na kama kulikuwa na ile ada ya 3% basi umelipa ili ufanye kazi.

Mtu wa viatu vya mitumba anayeweka 40% na anamaliza mali wiki mbili, hesabu yake inacheka. Mtu wa hardware anayekaa na bati miezi mitatu, asiguse kabisa hii pesa, bati haitakuwa imeuzwa na deni litakuwa limelipwa na misumari.

Na pesa ikienda kwa fridge, rangi ya duka, ama fees ya mtoto, haizunguki hata mara moja. Hapo unalipa deni kutoka kwa biashara ya zamani, ile ile uliyokuwa nayo kabla.

Hatua ya 5: tumia mwezi mbaya, si mwezi mzuri

Toa stetimenti ya till ya miezi kumi na mbili kutoka kwa app ya M-Pesa ya biashara. Tafuta mwezi wa chini kabisa. Kwa wengi ni Januari, shule zimefungua na mifuko imekauka. Fanya hesabu ya hatua ya 2 na ya 3 na huo mwezi. Ukiona unapumua, endelea.

Biashara za msimu ndizo za kuangalia sana. Agrovet ya Njoro inauza mbegu na mbolea Machi na Aprili kama hakuna kesho, halafu katikati ya mwaka inakaa inauza dawa ya kupe na maziwa ya ndama. Makato ya asilimia yanamfaa kabisa huyu, analipa mengi Aprili na kidogo Julai. Lakini asome vizuri kama mkataba hauna kiwango cha chini kwa mwezi, juu nimeona ya kusema asilimia 10 "ama 30,000 kwa mwezi, kile kilicho kikubwa". Hiyo "ama" inaigeuza kuwa ile aina ya pili mchana kweupe.

Hatua ya 6: soma karatasi, hata kama ni ya kwenye simu

Usibonyeze kubali ukiwa umesimama. Kaa chini, fungua yale masharti, utafute haya:

Je, nikilipa salio lote mapema napunguziwa? Kwa wengi hapana, kwa wengine kuna punguzo kidogo, lazima iwe imeandikwa.

Mauzo yakishuka, kuna kipengele cha kurekebisha makato, na natumia njia gani kuomba, na wanajibu kwa siku ngapi? Kama ni ile ya kiwango kimoja kila siku, hiki ndicho kipengele kitakuokoa ama kitakosa kukuokoa.

Faini ikoje, ni ya mara moja ama ya kila siku?

Nimeweka nini dhamana? "Bila dhamana" ya kwenye meseji na ya kwenye karatasi zinaweza kutofautiana. Tangu sheria ya mali inayohamishika ya 2017, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya stoki yako, friji, mashine, hata pesa unazodai watu. Kama umetia sahihi hapo, huyo mtu ana usemi juu ya vitu vya dukani.

Nani amekuwa mdhamini? Angalia kama jina la mume, mke ama dada yako limeingia.

Na huyu mtu ana leseni? Tangu 2022 Benki Kuu ya Kenya ndiyo inatoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwisho wa 2024 sheria ikapanuliwa ishike na wakopeshaji wengine wasiochukua amana. Orodha ya wenye leseni iko kwa tovuti ya CBK, ni dakika mbili kuangalia. Kanuni hizo hizo zinamkataza mkopeshaji kutishia mtu, kumtukana, ama kupigia watu walio kwenye simu yake kumwaibisha. Kampuni ikiomba ruhusa ya kusoma kontakti zako wakati unaomba pesa ya duka, jiulize inazitaka za nini.

Hatua ya 7: pesa imeingia, sasa fungua daftari

Daftari la mia moja linatosha. Kila jioni ukifunga andika kilichoingia till, kilichokatwa, na salio la deni. Kitu kama hiki: Jumatatu, till 18,400, makato 1,840, salio 118,160. Jumanne till 21,000, makato 2,100, salio 116,060. Halafu linganisha na meseji yao. Usingoje mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi hautakumbuka.

Utashangaa ni nini kinatokea ndani ya hizo laini. Kastoma anataka kulipa 500 anaandika 5,000, mnarudisha, lakini 10% ya 5,000 ilishakatwa, yaani 500 yote ya bei ya kile kitu imeenda. Inafaa kuripoti siku hiyo hiyo na namba ya muamala. Ama chama kinakutumia zamu yako ya 60,000 kwa till kwa sababu ndiyo namba wanayojua, basi 6,000 imekatwa kama mauzo na hukuuza hata kiberiti. Pesa za chama, za matanga, za harusi, za ndugu, zisipite till wakati uko na hili deni. Watumie namba yako ya kawaida.

Lakini na hiyo namba ya kawaida uangalie. Kama iko na Fuliza haijalipwa, ukitoa pesa till kuingiza kwa laini, Fuliza inachukua yake kwanza. Nimeona mtu amekatwa mara mbili kwa pesa ile ile, mara ya kwanza till, mara ya pili Fuliza, halafu anafika holesela na nusu ya alichouza. Lipa Fuliza kwanza ama ulipe saplaya moja kwa moja kutoka till.

Na kuna ule ujanja wenye kila mtu anaujua, "Till imekwama, tuma kwa hii namba." Siku mbili tatu hakuna atakayekuuliza. Ukifanya mwezi mzima, wao wanaona mauzo yameshuka ghafla na duka liko wazi, na mikataba mingi inasema kukwepesha mauzo ni kuvunja mkataba, deni lote linadaiwa mara moja. Juu ya hiyo, rekodi ya till ndiyo cheti chako cha kesho benki ama sacco. Ukiiharibu umejiharibia kwa mtu mwenye bei nzuri.

Hatua ya 8: mauzo yameshuka, fanya hivi

Barabara imefungwa, maandamano, mafuriko ya Nyando, mtoto amelazwa. Inatokea. Usingoje simu yao. Andika, narudia, andika, barua pepe ama meseji kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba, useme mauzo yalikuwa ngapi yamekuwa ngapi, uambatishe stetimenti, uombe makato yapunguzwe hadi kiwango fulani kwa wiki fulani. Taja namba wewe mwenyewe, ukiwaachia waseme watasema yao. Kupiga simu ni sawa lakini simu haina ushahidi.

Usichukue advansi ya pili kulipa ya kwanza. 10% ya huyu, 10% ya yule, na ingine 10% ya kwenye Pochi, ni 30% ya mauzo imeenda kabla hujanunua unga. Hakuna biashara ya rejareja ninayoijua ya kubeba hiyo. Kama lazima utafute pesa, tafuta ya bei ya chini kulipa ya bei ya juu: saplaya akupe mali ya wiki mbili kwa mkopo, chama kikupe zamu mapema, sacco. Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, nayo ni 8% kwa mwaka, ni rahisi sana kwa bei, limiti ndiyo huwa ndogo.

Hatua ya 9: karibu kumaliza, ndiyo hatari

Ukiwa umebaki na kitu kama theluthi, simu inalia tena. "Hongera, umekuwa mteja mzuri, chukua laki nyingine leo." Ngoja uone inaenda aje. Deni lilikuwa 120,000, umelipa 80,000, limebaki 40,000, siku 20 za kazi na uko huru. Wanakupa 100,000 mpya kwa 1.2, deni jipya 120,000, lakini wanatoa kwanza ile 40,000 ya zamani, kwa mkono unapata 60,000. Umelipia 20,000 kupata 60,000, hiyo ni theluthi nzima. Na ile 40,000 ambayo ilikuwa tayari na gharama yake ndani imezidishwa 1.2 mara ya pili. Wakisema ofa haitangoja siku 20, wacha iishe. Itarudi, huwa inarudi.

Siku salio limefika sufuri kwa daftari lako na kwa meseji yao, omba barua ama barua pepe ya kuonyesha umemaliza. Halafu uangalie till siku tatu zinazofuata kama bado inakatwa, juu kusimamisha makato saa zingine kunachelewa upande wao, na kama kulikuwa na dhamana iliyosajiliwa waambie waitoe. Baada ya mwezi hivi omba ripoti yako ya CRB, zile kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, kila mtu ana haki ya moja ya bure kwa mwaka kutoka kwa kila moja ya hizo tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ukipata bado wamekuandika unadaiwa, peleka ile barua kwa CRB na nakala kwa mkopeshaji, na utunze risiti ya kuipeleka.